Pilsner ya Kicheki: Namna ya kuichagua na kuipambanua na zinazobeba jina lake

MTEJA anayeingia katika duka kubwa la vinywaji jijini Dar es Salaam au Nairobi huweza kukuta chupa za makampuni manne au matano zimepangwa pamoja, zote zikiwa na neno moja katika lebo: pilsner. Zipo zilizosafirishwa kutoka Ulaya, zipo zilizotoka kusini mwa Afrika, na zipo zilizotengenezwa hapa hapa Afrika Mashariki. Bei zake hazilingani. Chupa iliyovuka bahari mara nyingi huuzwa kwa fedha ambazo zingenunua mbili au zaidi za nyumbani, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kinacholipiwa ni nini hasa.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba neno hilo, peke yake, halimhakikishii mnunuzi chochote. Si jina la kampuni moja, wala si alama ya ubora. Katika Jamhuri ya Czech, ambako bia hii ilizaliwa, jina hilo limeachiwa bia ya mji mmoja tu. Nyingine zote za aina hiyo hiyo, hata zilizo bora kabisa, huitwa ležák, yaani bia iliyolazwa ghalani ikakomaa. Kwa hiyo anayeisaka bia ya Kicheki kwa kulifuata neno pilsner huenda akazipita bia nyingi za Kicheki bila kujua, akaishia kununua chupa isiyo na uhusiano wowote na nchi hiyo.

Mji ulioipa bia jina

Mji wenyewe ni Plzeň, ambao Wajerumani huuita Pilsen, ulioko Bohemia magharibi. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa na sifa mbaya kwa upande wa bia. Mwaka 1838 mapipa 36 yalimwagwa hadharani mbele ya jengo la halmashauri ya mji kwa sababu bia iliyokuwamo haikufaa kunywewa. Wananchi waliokuwa na haki ya kupika bia waliamua kuungana na kujenga kiwanda kimoja cha kisasa, na wakamwajiri mpishi kutoka Bavaria, Josef Groll, kijana ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 30. Inasimuliwa kwamba alikuwa mtu asiye na adabu hata kidogo. Mkataba wake ulipokwisha mwaka 1845 alirudi kwao.

Hata hivyo, alichokiacha kilibadilisha unywaji wa bia duniani. Tarehe 5 Oktoba 1842 Groll alipika bia yake ya kwanza mjini hapo, na mwezi uliofuata ikaonjwa na umma. Wakati ule bia nyingi za Ulaya zilikuwa za rangi ya kahawia au nyeusi. Ile ya Groll ilikuwa ya dhahabu, angavu kiasi cha mtu kuona upande wa pili wa glasi, na juu yake povu jeupe zito. Bohemia ilikuwa nchi ya mafundi wa vioo, na kinywaji kilichopendeza machoni namna hiyo kilikuwa kimepata chombo chake.

Reli ziliisambaza, na baada ya reli wakaja waigaji. Wapishi wa Ujerumani walianza kuziita bia zao pilsner, na wenye mji wakaenda mahakamani. Mwaka 1899 mahakama ya Munich iliamua kwamba neno hilo lilikuwa limekwisha kuwa jina la aina ya bia, si la mahali ilikotoka. Wenye kiwanda cha Plzeň walibaki na jina walilolisajili mwaka 1898, Pilsner Urquell, ambalo kwa Kicheki ni Plzeňský Prazdroj. Urquell maana yake ni chanzo asilia, na anayeijua kesi ile ataona kwamba neno hilo ni malalamiko yaliyogeuzwa kuwa alama ya biashara.

Ndiyo sababu Kenya Breweries inaweza kuuza kwa miaka mingi bia iitwayo Pilsner, yenye picha ya simba, bila kuvunja sheria yoyote wala kumdanganya mtu. Ni laga ya Afrika Mashariki yenye wapenzi wake. Lakini mtu asiinunue akitarajia ladha ya Plzeň, kama ambavyo hakuna anayenunua soseji za Vienna akitarajia kwamba zimetoka Vienna.

Zaidi ya hayo, umiliki nao hausaidii kuijua bia. South African Breweries, ambayo iliingia katika Kampuni ya Bia Tanzania mwaka 1993, ilikinunua kiwanda cha Plzeň mwaka 1999. Kwa miaka zaidi ya 15 Safari, Kilimanjaro na Pilsner Urquell zilikuwa chini ya mwenye hisa mmoja mkubwa, na hakuna mnywaji aliyeonja undugu huo. Kampuni hiyo, iliyokuwa imekuwa SABMiller, ilipomezwa na AB InBev mwaka 2016, ndugu hao walitengana: bia za Tanzania zikaenda kwa mmiliki mpya, na Plzeň ikauzwa kwa Asahi ya Japani mwaka 2017. Katika miaka ya 2000 Pilsner Urquell ilipikwa kwa muda hata Poland na Urusi. Siku hizi kampuni inasema yote hutoka Plzeň.

Ipo alama moja inayosaidia. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliyapa ulinzi maneno České pivo, yaani bia ya Kicheki. Anayeyatumia lazima awe amepika ndani ya Jamhuri ya Czech na kufuata masharti ya kimea, hopsi na upishi. Si viwanda vyote vya huko vinavyoyatumia, kwa hiyo kukosekana kwake si aibu. Lakini yakiwapo, yana uzito kuliko neno pilsner.

Maji, kimea na hopsi

Tofauti inayoonjwa mdomoni huanzia kwenye maji. Maji ya Plzeň ni laini mno, yenye chumvichumvi chache sana za ardhini. Maji magumu huufanya uchungu wa hopsi ukwaruze koo. Maji laini huuacha uchungu huo uwe mwingi bila kuudhi. Siku hizi kiwanda chochote chenye mitambo kinaweza kuyalainisha maji yake, kwa hiyo jiografia haimzuii mtu. Kinachomzuia ni gharama na nia.

Kimea ni cha shayiri, na eneo la Haná huko Moravia limekuwa na jina kwa shayiri hiyo kwa muda mrefu. Wapishi wa mbege wa Kilimanjaro wanaijua vyema kazi ya kimea, ingawa chao ni cha ulezi: ni nafaka iliyooteshwa kidogo, ikakaushwa, ili wanga wake uwe tayari kugeuka sukari. Wacheki hufanya jambo moja ambalo viwanda vingi vya nchi nyingine vimeliacha kwa kuwa linakula muda na nishati. Sehemu ya uji wa kimea huchotwa, huchemshwa katika chombo kingine, kisha hurudishwa katika uji mkuu ili kuupandisha joto. Plzeň hulirudia zoezi hilo mara tatu. Uchemshaji huo huipa bia rangi ya dhahabu iliyokolea, ladha ya ganda la mkate, na unene mdomoni ambao hauwezi kupatikana kwa kuongeza sukari.

Kisha kuna hopsi, ua la mtambaazi ambalo ndilo huleta uchungu na harufu. Ile ya Žatec, ambao kwa Kijerumani huitwa Saaz, ndiyo iliyoijengea pilsner jina; mji huo na mashamba yake ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023. Ajabu ya hopsi hiyo ni kwamba uchungu wake ni hafifu. Ili bia iwe chungu inavyotakiwa, mpishi hulazimika kutia nyingi, na kwa kutia nyingi anapata pia harufu nyingi ya majani mabichi, maua na viungo. Anayetaka kubana matumizi hutia hopsi kidogo ya aina kali. Uchungu utapatikana, harufu haitakuwapo.

Hamira yake ni ile inayofanya kazi katika baridi na kutuama chini ya chombo. Bia hulazwa ghalani kwa wiki kadhaa. Budweiser Budvar hutangaza siku 90. Hapo tena kinacholipiwa ni muda.

Digrii si asilimia

Mtu akienda Prague na kuagiza bia, ataulizwa anataka ya kumi, ya kumi na moja au ya kumi na mbili. Wageni wengi hushtuka wakidhani ni kiasi cha kilevi. Sivyo. Namba hiyo ni digrii, na hueleza ni gramu ngapi za sukari na vitu vingine vya kimea vilivyokuwamo katika kila gramu 100 za maji ya kimea kabla hamira haijatiwa. Ya digrii 10 kwa kawaida huishia na kilevi cha asilimia 4 hivi, na ya 12 huishia karibu na asilimia 5. Bia za 11 na 12 ndizo huitwa ležák. Za 10 ni za kila siku, nyepesi na za bei nafuu. Lebo za Kicheki huiandika namba hiyo waziwazi, na mnunuzi aliyeijua ana chombo cha kulinganishia ambacho lebo nyingi za hapa kwetu hazimpi.

Kipimo hicho hufaa zaidi kinaposomwa pamoja na asilimia ya kilevi. Pilsner Urquell na Budweiser Budvar zote mbili huanzia karibu na digrii 12. Lakini Budvar ina kilevi cha asilimia 5.0, ilhali Urquell ina 4.4. Zimeanza pamoja, zimeishia mbali. Katika Urquell hamira haikula sukari yote. Iliyobaki ndiyo inayoifanya bia ijae mdomoni na kuwa na utamu kidogo, na utamu huo ndio unaobeba uchungu wake mkubwa, unaokaribia 40 kwa kipimo cha kimataifa cha IBU. Laga nyingi za kawaida za masoko makubwa duniani haziufikii hata nusu yake. Katika Budvar hamira imekula zaidi. Bia ni kavu zaidi, uchungu wake umetulia, na kimea husikika kama asali nyepesi. Mizani hiyo ya utamu uliobaki na uchungu mwingi ndiyo pilsner ya Kicheki, kwa maoni ya mwandishi huyu. Rangi ya dhahabu peke yake haitoshi, maana hata bia iliyokosa yote hayo yaweza kuwa ya dhahabu.

Kwa anayejali kiasi anachokunywa, tofauti ya asilimia 4.4 na 5.0 si ndogo. Nusu lita ya ile ya kwanza ina mililita 22 za kilevi halisi, na ya pili 25. Bia ya Kicheki huuzwa mara nyingi kwa nusu lita, si kwa chupa ndogo ya mililita 330, na anayehesabu chupa badala ya ujazo atajidanganya.

Nyingine zinazopatikana

Mbali ya hizo mbili, mtu aweza kuiona Staropramen ya Prague, iliyoanzishwa mwaka 1869 na ambayo tangu mwaka 2012 iko chini ya Molson Coors. Ni laini, haina kosa wala haina kishindo. Kozel ya Velké Popovice ina chapa ya beberu na hupendwa kwa wepesi wake. Bernard ya mji wa Humpolec ni ya kutafutwa kwa bidii kwa kuwa hukamuliwa kupitia chujio laini badala ya kupashwa moto ili kuua vijidudu, na wengi huiona kuwa na ladha hai zaidi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haivumilii kukaa sana dukani.

Budvar inahitaji neno la ziada, maana wapo wanaoirudisha rafuni wakiidhani ni ile Budweiser ya Marekani. Hazihusiani. Ya Kicheki hutoka České Budějovice, mji ambao kwa Kijerumani ni Budweis, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1895 na ambacho hadi leo ni mali ya serikali. Pande hizo mbili zimegombea jina mahakamani kwa zaidi ya karne moja, hata huko Marekani ile ya Kicheki imelazimika kuuzwa kwa jina la Czechvar.

Pilsner za Kijerumani ni jambo jingine, si baya. Bitburger, Radeberger na Jever ni kavu zaidi, rangi yake ni ya manjano iliyopauka, na uchungu hubaki ulimini peke yake baada ya kumeza. Ya Kicheki huondoka na kimea pamoja na uchungu. Anayependa kinywaji kinachokata kiu kwa ukali na achague Jever bila haya. Laga nyingi za Afrika, kwa upande wao, huchanganywa mahindi au sukari ili ziwe nyepesi na zinyweke baridi sana katika joto. Kwa jua la Dar es Salaam la mwezi Februari hilo si kasoro. Ila ni kinywaji kingine.

Mwanga, joto na muda

Yote yaliyoelezwa hapo juu huweza kupotezwa na duka. Mwandishi aliwahi kununua chupa mbili za kijani za bia mashuhuri ya Ulaya katika duka moja la jijini, zilizokuwa zimepangwa karibu na dirisha ili zipendeze. Ya kwanza ilipofunguliwa chumba kilijaa harufu iliyofanya mmoja wa wageni aulize kama kuna kitu kimefia darini. Bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya bia iliyokuwa mezani kwa jirani, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Sababu inajulikana kisayansi. Mwanga unapoipiga bia, vitu vya hopsi vinavyoleta uchungu huvunjika na kuungana na salfa iliyomo, na kinachozaliwa hunuka kama kicheche. Chembe chache mno hutosha kusikika. Chupa ya kahawia huuzuia mwanga huo kwa sehemu kubwa. Ya kijani huuzuia kidogo sana, na nyeupe haizuii. Kwa kuwa pilsner ya Kicheki ina hopsi nyingi, nayo ndiyo hupata hasara kubwa. Kopo haliingizi mwanga hata kidogo. Wengi hulidharau kopo kwa kuliona la rahisi, lakini kwa bia iliyosafiri mbali ndilo chaguo salama kuliko yote.

Joto nalo huizeesha. Bia iliyokaa wiki nyingi katika kontena bandarini, kisha katika stoo yenye bati, hupoteza harufu ya hopsi kwanza, halafu hupata ladha ya karatasi iliyolowa. Haina madhara kwa mnywaji, ila kilicholipiwa kimekwisha kutoweka. Tarehe inayoandikwa chini ya kopo au shingoni mwa chupa ni ya kusomwa kabla ya bei. Iliyobakiza miezi miwili au mitatu kufikia mwisho wake ina maana imekwisha kukaa muda mrefu, hata kama bado haijapita. Aidha, duka linalouza haraka ni bora kuliko duka lenye mapambo. Kati ya Urquell ya mwaka jana iliyopigwa jua na laga ya nyumbani iliyotoka kiwandani wiki iliyopita, mwandishi huyu angechukua ya nyumbani na kubakiwa na chenji.

Kuzionja kwa pamoja

Anayetaka kulinganisha asifanye hivyo siku tofauti, kwa maana kumbukumbu ya ulimi ni fupi. Achukue tatu tu: laga moja ya hapa aliyoizoea, pilsner moja ya Kijerumani, na moja ya Kicheki. Zote ziwe na ubaridi mmoja, wa nyuzi 7 hivi. Bia iliyotoka kwenye friza ikiwa karibu kuganda haina harufu, na hapo zote tatu zitafanana, jambo ambalo huwafaa sana wauzaji wa ile hafifu. Glasi ziwe zimeoshwa na kusuuzwa vizuri, kwani mafuta na sabuni huua povu.

Povu lenyewe lisiogopwe. Katika baa zetu mhudumu anayeleta glasi yenye povu hulaumiwa kwamba ameiba bia. Plzeň angelaumiwa anayeleta isiyo nalo. Povu la vidole viwili au vitatu huzuia hewa na kushika harufu, na katika bia iliyopikwa kwa kimea kitupu huacha pete ndani ya glasi kila mnywaji anapopiga funda. Zihesabiwe pete hizo katika glasi tatu.

Aanze na ile iliyo nyepesi na kumalizia na iliyo chungu, akitafuna mkate mkavu katikati. Mishikaki ingoje, kwa sababu pilipili na ndimu vitafunika kila kitu, ingawa baadaye uchungu wa pilsner utaonekana unavyoyasafisha mafuta ya nyama ya mbuzi. Anuse kabla ya kunywa. Katika ya Kicheki atafute majani mabichi na ganda la mkate, na katika Urquell huenda akasikia siagi kwa mbali sana. Hiyo ni diasetili, inayotokana na hamira; Wajerumani huihesabu kuwa kosa, Wacheki huivumilia ikiwa kidogo. Ikiwa inanuka siagi kuliko kimea, ni kosa huko pia.

Funda la kwanza lisitumike kuamulia. Uchungu wa pilsner humshtua aliyezoea laga tamu, na watu wengi huiweka chini glasi hapo hapo. Arudi baada ya dakika kumi, bia ikiwa imepata joto kidogo, akaionje tena pamoja na ile ya hapa. Iliyo tajiri kwa kimea na hopsi huzidi kufunguka kadiri inavyopoa ubaridi wake. Iliyokuwa ikitegemea ubaridi huanza kuonja kama maji ya mahindi.